Wayaringi ya Lori la Kang'ata

Nimefanya kazi ya umeme wa magari Songea, Kahama na Mpanda, na kote huko sikumaliza miaka mitatu. Miguu yangu haitulii. Lakini kila nikisikia injini nzito ya dizeli ikipanda kilima, mawazo yanarudi Kang'ata, kwenye lori kuukuu la jeshi ambalo mzee mmoja alilinunua mnadani kabla sijazaliwa. Lori hilo ndilo lililonipeleka Korogwe nilipoanza kidato cha kwanza, nikiwa juu ya magunia ya mahindi na sanduku langu la bati na godoro. Nilishuka nikakimbilia shule. Sikumbuki kama nilimwambia yule mzee ahsante.

Mwaka jana, nikiwa nimepita Korogwe kusalimia ndugu, nilisikia kwamba mzee amefariki na lori limelala tangu mazishi. Panya walikuwa wametafuna nyaya. Kijana wake mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alishapatana na wanunuzi wa chuma chakavu waje Ijumaa walikatekate. Mama yake alimwomba kitu kimoja: likiwaka kabla hawajafika, libaki. Kijana alikubali, nadhani kwa sababu hakuamini kwamba linaweza kuwaka.

Jumatatu nilikuwa Kang'ata na begi la vifaa. Mama aliitikia shikamoo yangu, akanikazia macho.

"Si wewe yule mtoto uliyetapika juu ya magunia yetu, hata Handeni hatujafika?"

Nikakubali kwamba ni mimi. Akacheka, akaniletea uji.

Wayaringi ya lori lile ilikuwa ya nyaya za zamani, zilizovikwa mpira na kitambaa. Pale ambapo panya hawakugusa, mpira wenyewe ulikuwa umekauka, ukiukunja tu unapukutika. Hakuna duka linalouza nyingine. Ilibidi nitengeneze. Nililitoa fungu zima taratibu, nikalilaza kwenye uwanja wa kuanikia mahindi, ambao ulikuwa umesiribwa udongo ukawa mgumu kama sakafu. Kila nyaya zilipopinda au kuachana, kwenda taa za mbele, stata, dinamo au honi, nilipigilia kigingi cha mti. Vigingi ndivyo vingeshika umbo na urefu, maana zile nyaya zisingestahimili kuinuliwa mara ya pili. Jumanne jioni nilimaliza vigingi vyote, nikaenda kulala katika chumba cha wageni.

Alfajiri nilisikia ufagio. Sikushtuka, maana kwetu mgeni akilala nyumbani, hakupambazuki uwanja ukiwa haujafagiliwa. Nilishtuka nilipotoka nje. Uwanja uling'aa. Vigingi vimepangwa ukutani kama kuni, na wayaringi ya zamani imekunjwa ikawekwa kwenye ungo, vipande vipande.

"Nimekusafishia, mwanangu, ufanye kazi mahali pazuri," mama akasema.

Sikumlaumu. Kosa lilikuwa langu: nilikula kwake siku mbili bila kumweleza kazi ya vijiti vile. Nilipomweleza, aliketi kwenye kizingiti na ufagio mapajani. Kisha akaingia ndani, akatoka na ndoo ya maji na kopo.

Alinyunyiza uwanja kidogo kidogo, kutoka kona hadi kona. Vumbi lililojaa kwenye matundu ya vigingi lilinywea, na vishimo vikaanza kuonekana. Tatizo ni kwamba vilikuwa vingi mno, vya miaka na miaka.

"Hapa nimeanika mahindi tangu nimeolewa," alisema. "Tundu ambalo si langu nitalijua."

Akapita ameinama. "Hili la mbuzi. Hili la kichanja cha vyombo. Hili nalo sijawahi kuliona." Katika kila tundu geni alitia punje ya mahindi, nami nikafuata nyuma yake nikipigilia. Hadi saa nne umbo la lori lilikuwa limerudi chini pale. Nilipitisha nyaya mpya, nikazifunga kwa uzi na tepu nyeusi, na Alhamisi nikazifunga kwenye lori.

Ijumaa kijana wake alifika mapema, kabla ya wanunuzi. Nilibonyeza stata. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Nikabonyeza tena, ikawaka, na bati la paa la jiko likatetemeka. Mama alizunguka hadi mbele, akazitazama taa zote mbili zikiwaka, akatikisa kichwa kukubali. Wanunuzi walipompigia, kijana alizima simu yake, akaniomba nishuke, akapanda mwenyewe kwenye usukani.

Tuliondoka siku hiyo hiyo kupeleka mahindi Korogwe. Walinionyesha nafasi ndani, karibu na dereva. Niliwaomba nipande juu, kwenye magunia.

"Panda," mama akasema. "Ila safari hii usitapike."