Nilimwagilia Kuni Maji

Kosa ni langu. Nimetafuta mtu wa kumtupia nikamkosa. Nikajaribu kumtupia mbuzi wangu, naye akaniangalia tu huku akitafuna. Kwa hiyo nimebaki mimi, mzee wa mvi, niliyemaliza sekondari na kujivunia jambo hilo mpaka leo. Jina langu sitaliandika. Hapa Goma, watu wa avenyu yetu watanijua tu.

Mradi mmoja wa mazingira ulikuja mtaani kwetu. Kila parseli, yaani kila kiwanja chenye nyumba, ilipewa miche kumi ya miti. Parseli itakayokuwa na miti mingi iliyo hai katika avenyu nzima ingepata jiko la gaz pamoja na chupa yake, ili angalau nyumba moja iache makala, yaani makaa, yanayomaliza msitu, na wengine waone na kutamani.

Mimi nilikuwa prezida wa komite ya avenyu. Loo, hotuba niliyoitoa siku ile! Nilisema juu ya hewa, juu ya mvua, juu ya wajukuu. Nilijipiga kifua. Watu wakapiga makofi. Kisha nikaenda nyumbani na miche yangu, nikaiweka nyuma ya jikoni, nikakaa kusubiri nguvu zije.

Asiyejua Goma aelewe: sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano. Kupanda mti ni kuvunja jiwe kwa nyundo, kisha kutafuta udongo wa kujaza shimo, na udongo wenyewe hauko hapa. Mgongo wangu ulikataa. Au nilikataa mimi, nikausingizia mgongo. Wiki ya tatu mbuzi alikula miche saba. Mitatu iliyobaki ikakauka yenyewe, bila kumsumbua mtu.

Sasa kuna Mama Vumilia. Ni mjane aliyetoka Kibumba, akapanga chumba katika parseli ya pili kutoka kwangu, na mwenye nyumba akamwachia ile miche kumi na zawadi yake, kama ingepatikana. Alikuwa akikaanga mandazi mbele ya mlango wake, kwenye mbabula, lile jiko la makala, moshi machoni tangu alfajiri. Na alikuwa akikohoa. Siku moja aliniambia, maana prezida ni mtu wa kuambiwa mambo:

"Papa Prezida, muganga wa hospitali alisema niache makala ao niache mandazi. Nikiacha mandazi, nitakula nini? Ile gaz ni yangu, utaona!"

"Utaipata, mama," nikamjibu. "Mungu anaona bidii yako."

Mungu alikuwa anaona. Mimi pia nilikuwa naona. Yule mama alikuwa akienda mahali malori ya Kibumba yanaposhusha mashu, yaani kabichi, na viazi. Wakimaliza kushusha, anapanda na ufagio, anafagia udongo ulioanguka, anaukusanya ndani ya beseni. Beseni baada ya beseni, udongo wa kwao, akajaza mashimo kumi. Mpira wa watoto ulivunja mche mmoja, mwingine ukafa. Minane ikasimama.

Ijumaa moja tukaambiwa bwana wa mradi anakuja kesho yake, baada ya salongo, ile kazi ya Jumamosi ya kusafisha mtaa pamoja. Nikashikwa na haya. Prezida bila mti hata mmoja! Nikapita karibu na kanisa, nikakuta wamepunguza matawi ya miti ya uzio, yamelala chini mabichi kabisa. Niliona ni jibu la sala. Nikachagua kumi yaliyonyooka, nikayachomeka katika nyufa za mawe ya parseli yangu, nikayakaza kwa vijiwe.

Mke wangu akatoka jikoni, mikono kiunoni.

"Papa, unapanda ao unapamba?"

"Ni ya kesho tu," nikasema. "Nisichekwe."

Nawaapia, gaz sikuifikiria hata kidogo. Nilitaka kuficha aibu tu. Kumbe niliificha vizuri mno!

Kesho yake bwana wa mradi akahesabu. Kwa Mama Vumilia minane. Kwangu kumi. Akanishika mkono, akanipiga picha, akawaita watu wote wa avenyu ndani ya parseli yangu.

"Muzee, waeleze siri yako."

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nikasafisha koo, nikafundisha! Nikaeleza namna ya kuchanganya udongo na samadi. Nikaonya juu ya mbuzi. Juu ya mbuzi, angalau, nilikuwa na ujuzi.

Watu wote walikuwa wananiangalia mimi, isipokuwa Mama Vumilia. Yeye aliinama kugusa majani ya mti uliokuwa karibu naye. Tawi likatoka, likabaki mkononi mwake. Chini lilikuwa na alama nyeupe ya panga. Mzizi hakuna.

Akainua macho, akaniangalia. Kisha, jamani, yule mama akalirudisha tawi ndani ya ufa, polepole, akalikaza kwa kijiwe.

"Huu muti unaendelea muzuri," akasema. "Hongera, Papa Prezida."

Watu wakapiga makofi. Nami nikapokea gaz. Nikapokea! Kwa mikono hii miwili!

Mke wangu aliikataa tangu mlangoni. "Hiyo bombe itatulipukia, usiingize mu jikoni yangu!" Ikakaa sebuleni, imefunikwa kitambaa kama mgeni wa heshima. Matawi nayo yakaanza kugeuka rangi. Kwa kuwa watu wanapita, kila asubuhi nilitoka na bidoni kuyapa maji. Mzee mzima, namwagilia kuni! Mwishowe mke wangu aliyang'oa yote kumi, akapikia maharagwe. Yaliiva vizuri. Mimi sikuweza kumeza.

Na asubuhi zote hizo nilimsikia Mama Vumilia akikohoa. Nilisema nitampelekea gaz kesho. Kesho ikawa miezi miwili. Niliogopa watu wataniuliza kwa nini naitoa zawadi yangu. Siku nilipopata moyo, niliibeba chupa begani, jiko mkononi, mpaka kwake. Mgongo uliokataa nyundo siku hiyo haukulalamika. Nikakuta kufuli mlangoni. Ameacha mandazi, amekwenda Kalengera kwa binti yake. Mwenye nyumba akanipa ujumbe:

"Alisema umunyweshee miti yake. Alisema, Papa Prezida njo yeye anajua miti."

Nilikaa juu ya ile chupa, pale pale mlangoni.

Salongo iliyofuata nilisimama mbele ya wote nikasema yote, kuanzia mbuzi. Mmoja akacheka, kisha wote. Uprezida uliishia hapo. Sasa naitwa Muzee Matawi, na mke wangu akikasirika, naye ananiita hivyo hivyo. Nimestahili.

Gaz tuliipakia kwenye gari la Kalengera. Baada ya siku chache Mama Vumilia akanipigia simu.

"Papa, gaz imefika. Asante. Lakini huku hakuna mahali pa kuijaza. Ikiisha, ni chuma tu." Akakohoa, nikangoja. "Miti yangu iko namna gani?"

"Yote minane iko, mama. Nisamehe."

"Endelea kunywesha," akasema, akakata.

Hakusema amenisamehe. Hakusema hapana.

Wazee wenzangu mnaopenda viti vya mbele, nisikilizeni. Mtu akikufichia aibu yako mbele ya watu, hajakupa ruhusa ya kuendelea. Amekupa nafasi ndogo ya kusema ukweli. Mimi nafasi yangu niliitumia kupokea gaz. Nanyi mnaotuletea zawadi, kabla ya kupiga makofi, inameni, vuteni mti kidogo.

Jana asubuhi, baada ya kumwaga maji, nilivuta mti mmoja wa Mama Vumilia.

Haukutoka.