Kidoti cha Zadock Ziwani

Mume wangu Zadock huvua peke yake. Hapa Sori, ukingoni mwa Ziwa Victoria, watu wakisikia hivyo hutikisa kichwa, kwa sababu mtumbwi wa tanga ni kazi ya wawili au watatu: mmoja ashike kasia la nyuma, mwingine tanga, mwingine achote maji yanayoingia. Zadock hufanya yote matatu. Kamba ya tanga huifunga mguuni, kasia hulibana kwapani, na mkono unaobaki ndio wa kuchota maji. Nimemwona mwenyewe kutoka ufuoni na sikupenda nilichokiona.

Hakuanza hivyo. Miaka sita iliyopita alivua na mdogo wake, Tony. Siku moja upepo uligeuka ghafla, mtumbwi ukapinduka, Zadock akaukamata, lakini Tony hakuonekana tena. Walitafuta siku tisa. Sisi Wajaluo mtu aliyepotea ziwani hatumwachi bila kaburi. Linakatwa tunda la yago, lile refu na zito linaloning'inia kwenye mti wake, nalo linazikwa mahali pa maiti kwa heshima zote. Tulilizika. Mimi ni fundi wa nguo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekata kitambaa cha kulifunika. Mama mkwe wangu, Susana, alililia tunda lile mpaka sauti ikamkauka, na hadi leo akisikia maiti imeelea popote, iwe Mbita au Muhuru, anajifunga leso na kwenda kuangalia kama ni mwanawe.

Tangu hapo Zadock alikataa kubeba mtu. "Sitaenda tena kwa mama ya mtu kumwambia mwanao amebaki kule," alisema, na hapo mazungumzo yakaisha.

Nami nikaapa kiapo changu. Sitazika tunda mara ya pili. Ziwa likimtaka mume wangu, mimi nitajua yuko wapi, na nitamfuata.

Nilianza kwa maneno. Nilimwambia avae jaketi la kuokoa maisha kama wavuvi wanavyofundishwa kila mwaka kwenye semina. Akacheka. "Ajali haina kinga, Min Achieng," akasema. Achieng ni kifungua mimba wetu, na nyumbani jina langu ni hilo, mama Achieng.

"Haina kinga, lakini mzembe ana matanga," nikamjibu. "Na matanga nitapika mimi."

Susana naye alinikataza. Alisema anayenunua vitu vya kuzama anaita kuzama. Nilimheshimu, nikamwambia ndiyo mama, na Jumanne nikaenda Homa Bay.

Jaketi la kwanza nililiona kwenye meza ya mtu barabarani, linang'aa rangi ya chungwa, mistari ya fedha, kila kitu. Yule muuzaji alinisifia mpaka nikachoka. Mimi nikaligeuza ndani nje. Uzi ulikuwa wa pamba, ule unaooza ukilowa mara tatu. Nikatoboa mshono kwa pini ya kichwani, nikachungulia. Yawa! Ndani kulikuwa na sponji ya godoro! Sponji inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Ukilivaa hilo hulihitaji ziwa, litakuzamisha lenyewe. Nilimrushia jaketi lake na kumwambia maneno ambayo kanisani sitayarudia.

Ndipo nikafika dukani kwa Abdikarim. Huyu ni Msomali wa Wajir, ana duka la simu na vifaa vya pikipiki, mtu mpole asiyeharakisha mteja. Jaketi lake lilikuwa limeshonwa kwa nailoni, mishono miwili miwili, na ndani kuna lile povu gumu lisilonyonya maji. Alinipa ndoo ya maji ili nilijaribu. Nililisukuma chini kwa mikono miwili, likaruka likanilowesha gauni lote.

"Sasa hilo ni jaketi," nikasema.

"Mama, unasafiri?" akaniuliza.

Nikamweleza kila kitu. Tony, tunda, mume anayevua peke yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniletea kiti. Kisha akanitolea traka tatu, vile vidude wanavyofunga kwenye pikipiki ili ikiibwa ionekane kwenye simu ya mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kifungo cha koti. Nikaipenda. Abdikarim akatikisa kichwa. "Hii inaonekana tu kama kuna simu za watu karibu. Ziwani ni simu ya nani? Ya samaki?" Ya pili ilitaka nyaya na betri ya pikipiki, na mtumbwi wa Zadock hauna hata taa. Ya tatu ilikuwa kama kiberiti, unaichaji nyumbani inakaa siku tano, ina laini yake ya simu ndani. Nikauliza kama itafanya kazi kule mbali, maana Zadock akikaribia Muhuru simu yake hupokea ujumbe wa kumkaribisha Tanzania. Abdikarim akakubali hilo ni tatizo. Akachagua laini ambayo haizimiki ukivuka mpaka, akanionyesha namna ya kuijaza. Alisema kipo kingine kinachoongea na setilaiti moja kwa moja, lakini hana, na bei yake angeona aibu kunitajia.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria. "Mama, unataka kujua mtumbwi uko wapi, au mtu yuko wapi?"

Siku ya Tony, mtumbwi ulipatikana.

"Mtu," nikasema.

"Basi usiifunge kwenye mtumbwi. Ishone kwenye jaketi."

Nyumbani nilikaa kwenye cherehani siku mbili. Nilishona mfuko wa mpira begani, juu kabisa, mahali panapobaki nje ya maji mtu akielea, nikatia traka ndani. Nikaongeza mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwa sababu jaketi bila mkanda huo hupanda kichwani na mwenyewe akateleza chini likabaki likielea peke yake. Nikafunga filimbi kifuani. Nikamvisha Zadock mbele ya kioo. Alisimama wima kama mtoto anayepimwa yunifomu, akasema mkanda unamuumiza mahali pabaya.

"Pole. Utazoea."

Alilivaa kweli. Kila alfajiri alitoka nalo, na mimi nikakaa na simu karibu na cherehani. Kidoti chekundu kilitoka ufuoni, kikaenda, kikasimama kwenye ndoano zake, kikarudi kabla ya jua kali. Haki nilikipenda kidoti kile. Niliweza kukata suruali nzima bila kuchungulia mlango.

Wiki ya pili nilikichungulia nikakikuta Kosele. Kosele! Ni sokoni, nchi kavu, safari ya saa kadhaa kutoka ziwani. Nikapiga simu, Zadock akapokea akiwa ufuoni anatengeneza nyavu za jirani. Kumbe binamu yake Jacktone alikuwa ameomba jaketi avae kwenye pikipiki, eti asubuhi kuna baridi. Na kwetu mtu akiomba kitu kinachoning'inia tu hapo na hukitumii, unampa. Kunyima ni aibu. Nilimpokea Jacktone jioni ile, na sidhani ataomba tena hata kiberiti kwangu.

"Hili si koti la baridi," nikamwambia Zadock. "Hili ni wewe. Ukiligawa, umejigawa."

"Nimesikia."

Alikuwa amesikia, sikatai. Kusikia hakumzuii mtu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi upepo ulianza kupiga mabati ya duka langu, na nilipotoka nje niliona ziwa limekuwa jeusi upande wa visiwa. Nikashika simu. Kidoti kilikuwa katikati ya ghuba na hakikuwa kwenye njia ya kurudi. Kilikuwa kinasukumwa polepole kwenda pembeni, mwendo ambao hakuna mtumbwi wenye tanga unaokwenda hivyo. Nikampigia. Hapatikani. Nikampigia tena. Hapatikani.

Nilikimbia na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Mwenyekiti wa ufuo wetu, Obare, alikuwa anahesabu mitumbwi iliyorudi. Nilimwekea simu usoni. "Zadock yuko hapa! Hapa! Washa injini!"

Huyu Obare tunagombana naye kila mwaka kuhusu sare za kwaya, lakini siku hiyo hakuuliza swali. Alichukua watu watatu na boti ya injini, akaenda na simu yangu mkononi. Nikabaki na Susana, aliyekuwa amefika bila kuitwa na leso yake imefungwa kiunoni. Hakuniambia chochote kuhusu kuita kuzama. Alinishika mkono tu.

Walikaa karibu saa nzima. Waliporudi nililiona jaketi kwanza, ile rangi ya chungwa, limekaa wima ndani ya boti, lina kichwa, na kichwa kinasogea. Nilipiga kigelegele. Nilimshukuru Nyasaye, Mungu wetu, kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Boti ikakaribia. Mtu aliyekuwa ndani ya jaketi hakuwa Zadock.

Alikuwa Mokaya, mwanamume Mkisii aliyehamia hapa na mkewe miaka miwili iliyopita, mwenye kamtumbwi kadogo ka kasia, nako kalikuwa kamezama. Mkanda wangu ulikuwa umefungwa vizuri katikati ya miguu yake. Filimbi yangu ilikuwa bado mdomoni. Nasema ukweli, na Mungu anisamehe: nilimchukia. Nilimwangalia mtu aliyeponea chupuchupu na nikatamani awe mwingine.

"Amenipa," Mokaya alisema meno yakigongana. "Tulikutana kabla upepo haujafika. Aliona mawingu, akasema wewe Mokaya hujui kuogelea. Alilivua akanirushia. Nikamwambia na wewe je? Alikuwa ameshageuza tanga."

Saa mbili zilizofuata sitazieleza sana. Nilikuwa na simu, nilikuwa na kidoti, na kidoti kilikuwa kimekaa pale pale mbele yangu mchangani, kinaniambia mume wangu yuko salama. Obare alirudi ziwani mara mbili, akizunguka tu bila kujua aende wapi. Susana aliketi chini na kuangalia maji.

Saa saba hivi Zadock akaja kwa miguu kutoka upande wa pili wa ghuba, akipita ukingoni, kasia begani. Tanga lilichanika, upepo ukampeleka kwenye matete, akauacha mtumbwi huko. Susana alimkumbatia akilia. Mimi sikumkumbatia. Nilimtazama kuanzia juu mpaka chini kuhakikisha viungo vyote vipo, kisha nikarudi dukani nikashona mpaka giza, na sikumbuki nilishona nini.

Siku mbili hatukuongea. Mke wa Mokaya alileta kuku na akapiga magoti mbele yangu, nikamwinua, nikapokea, nikasema asante. Angalau asante ile haikuwa ya uongo, kwa sababu watoto wake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake wakiwa bado na baba.

Siku ya pili Zadock alirudisha mtumbwi, akashona tanga mwenyewe, vibaya, na alfajiri ya siku ya tatu akateremka ufuoni. Jaketi lilikuwa bado linakauka kwenye ua wa Mokaya. Hakulipitia. Nilimfuata nyuma. Alipokwenda kuchukua ndoano zake, nikaingia ndani ya mtumbwi nikaketi kwenye ubao wa katikati.

Hapa mwanamke hapandi mtumbwi wa uvuvi. Wanasema samaki watahama na upepo utakasirika. Mimi nilizaliwa Lambwe, bonde la mahindi na ng'ombe, na samaki wa huku hawanijui. Wanaume walianza kupiga kelele. "Min Achieng, toka! Unatuharibia siku!" Hakuna aliyethubutu kushua mtumbwi wake nami nimeketi pale.

Obare akaja. "Shemeji, tafadhali. Teremka tuongee."

"Naongea na mwenye mtumbwi."

Zadock akaja na kusimama ndani ya maji, ndoano mkononi. "Unataka nini?"

"Niambie kwa nini ulilivua."

"Mokaya hajui kuogelea. Ningemwacha?"

"Usingemwacha. Ungempandisha mtumbwini mkaja pamoja. Ungemfunga nyuma ukamvuta. Njia zilikuwepo, na wewe unajua ziwa kuliko mimi. Ulimpa, ukageuza tanga, ukaenda. Leo ni siku ya tatu na hata hujaenda kulichukua. Nikikununulia kumi utayagawa kumi. Kwa nini, Zadock?"

Aliangalia wale wanaume, kisha akasogea mpaka tumbo lake likagusa ubao wa mtumbwi, akasema kwa sauti ya chini niliyoisikia mimi tu.

"Nikiingia humu huwa siwazi kurudi. Nikirudi, sawa. Nisiporudi, naona pia ni sawa. Miaka yote hii."

Nilikuwa nimechunguza uzi. Nilikuwa nimechunguza povu, betri na laini ya simu mpaka ng'ambo ya mpaka. Hili sikuwahi kumuuliza, na tunalala kitanda kimoja.

Nililia mbele ya ufuo mzima, kwa sauti, bila haya. "Kwangu si sawa," nikamwambia. "Unanisikia? Kwangu si sawa hata kidogo."

"Nimesikia," akasema, na safari hii uso wake ulikuwa umelowa.

Nikasogea kwenye ubao. Akaweka ndoano chini, akapanda, akaketi kando yangu, na mtumbwi ulikuwa bado umekwama mchangani. Obare akawaambia watu waache kutazama, waende wakanywe chai.