Damu ya Leshan

Yusta hakuzaliwa mwoga, asisingiziwe. Lakini mwaka ule wa tisini na sita, shamba la mkonge lilipopunguza wafanyakazi naye akapata kibarua kwa watafiti wa mbu, woga ulimwingia mpaka kwenye mifupa.

Kazi yenyewe, jamani! Kila asubuhi kuzunguka nyumba za watu Kilangali na tochi na kamera, kupiga picha mbu waliotulia ukutani. Aliyelala sambamba na ukuta, huyo si wa malaria. Aliyeinua makalio juu, huyo ndiye. Akishampiga picha anamfyonza kwa mrija mpaka kwenye chupa, tumbo jekundu limejaa damu ya mwenye nyumba. Sasa wewe ukimkuta mtu chumbani kwako anafyonza damu ukutani, utamwitaje? Wakamwita mumiani. Lisemwalo lipo, wakasema.

Siku moja alipiga picha mbu saba juu ya kitanda cha Leshan, mtoto wa Naipanoi na Sankale, wafugaji waliohamia karibuni. Wote saba makalio juu. Wiki mbili baadaye akasikia mtoto yu hoi kwa homa, na baba yake anamtafuta mumiani.

Yusta alijifungia ndani. Apande gari arudi kwao Masanze? Lakini wale mbu aliwaona yeye, kwa macho yake. Liwalo na liwe, akaenda.

Sankale alikuwa mlangoni na rungu. Ndani, mtoto anahema mbiombio, viganja vyeupe.

"Mama Leshan, ni malaria hii! Mpelekeni hospitali!"

"Hospitali ya nini?" Naipanoi akafoka. "Damu yake umeichukua wewe. Irudishe!"

Yusta akaeleza habari za mbu, akatoa na picha. Nani amsikilize? Rungu likapanda juu. Mkojo ulimponyoka Yusta, na maneno yakamtoka yenyewe.

"Ndiyo, niliichukua! Iko hospitali, Kilosa. Twendeni mkarudishiwe!"

Wakadandia lori la mpunga, Sankale kamkamata mkono njia nzima asitoroke. Daktari alitazama vile viganja mara moja tu, akasema mtoto kaishiwa damu, aongezewe upesi. Nesi akafungua friji, akatoa mfuko wa damu.

Jioni Leshan alifumbua macho, akalilia ziwa. Yusta akashusha pumzi, machozi yakamtoka kwa furaha.

Naipanoi aliutazama ule mfuko mtupu. Kisha akamgeukia Yusta, sauti ya chini kabisa.

"Kumbe ni kweli. Na ya watoto wa wenzangu umeiweka wapi?"