Fundo la Ndolo

Ndolo alizaliwa Mackinnon Road, mahali ambapo maji hufika kwa punda na mtu huoga kwa kikombe. Kwa hivyo, ilikuwa haki kabisa kwamba kati ya watu wote wa pwani, waliojua kuogelea kabla ya kujua kutembea, Mungu amteue yeye awe mzamiaji wa mapangoni.

Alikuja Diani kufagia kidimbwi cha hoteli, akajifunza kuogelea wageni wakiwa mezani. Baadaye akahamia duka la kuzamia la Mjerumani mmoja, Bwana Holger, akawa mbebaji wa mitungi ya hewa. Kisha zikaja ghasia za Likoni, zikafuatwa na mvua za El Nino, na wageni wakakumbuka ghafla kwamba kwao nako kuna bahari. Mwaka wa tisini na nane Holger alikuwa na ujuzi mwingi na hakuwa na wanafunzi. Akamfundisha Ndolo, maana ndiye aliyekuwapo.

Cheti kilipofika kilikuwa kadi ndogo ya plastiki yenye picha yake, macho yamemtoka kama aliyefumaniwa. Ndolo akaivaa shingoni. Alienda nayo kanisani Ukunda, akaenda nayo Kombani kununua viazi. Muuza viazi alimuuliza ni kadi ya nini, naye akaeleza kwa kirefu habari za kuzamia ndani ya mapango yaliyojaa maji, gizani, chini ya mwamba. Mama wa watu akamwongezea viazi viwili kwa huruma.

"Huko pangoni kuna mtu amepotea?" mkewe, Syovata, alimuuliza.

"Hakuna."

"Basi unaenda kutafuta nini?"

Ndolo alicheka kicheko cha mtu mwenye kadi.

Si kwamba alikuwa hodari. Mara ya kwanza alipozama na Holger aligonga mwamba kwa kichwa, akauomba msamaha. Mara ya pili alimaliza hewa upesi kama mtu aliyekaribishwa chai ya bure. Holger hakuchoka kumrudia mambo mawili. La kwanza, pangoni huingii peke yako. La pili, ule uzi mweupe unaokuonyesha njia ya kurudi unafungwa mara mbili: nje penye mwanga, halafu tena ndani kidogo, ili fundo moja likifunguka jingine likushike. Ndolo aliitikia kwa kichwa, vile watu wanavyoitikia mahubiri huku wakiwaza chakula.

Sasa Holger alikuwa akitafuta pango jipya la kuwavutia wageni wa Desemba, na Ndolo alitaka jina la mgunduzi. Alilijua moja upande wa Msambweni, lenye maji maangavu chini kabisa. Akatoka asubuhi na mitungi yake, peke yake. Kanuni ya kwanza ikawa imekwenda na maji kabla hajayagusa.

Mlangoni mwa pango palikuwa na mzizi mnene wa mkuyu uliovishwa vitambaa vyekundu na vyeupe, na chini yake chupa za marashi. Watu wa pale hufunga kitambaa wakiwa na haja, na haja ikitimia hurudi kukifungua. Ndolo alivitazama kwa tabasamu la mtu aliyeokoka. Kisha akaufunga uzi wake papo hapo, juu ya kitambaa chekundu cha mtu, maana mzizi ulikuwa imara na yeye alikuwa na haraka. Fundo la ndani akaliacha. Pango fupi hili, alijiambia, la nini kujichosha?

Pango halikuwa fupi. Lilikuwa zuri pia, na Ndolo akazunguka humo akimulika kurunzi huku na huku kama mwenye nyumba. Alipogeuka kurudi, mapezi yake ya miguuni yalikoroga tope. Maji yakawa uji. Haidhuru, uzi alikuwa nao mkononi. Akauvuta kidogo ili aufuate.

Uzi ukaja.

Akavuta tena, ukaja tena, mlegevu, hauna mwenyewe. Hapo Ndolo aliogopa, na kejeli yangu naiweka kando kidogo, kwa sababu hofu ile simwombei mtu. Hakujua mlango uko wapi, wala juu ni wapi. Alimwona Syovata akiuliza swali lake lile lile. Alimwomba Mungu wa Ukunda kwa dhati, halafu, kwa tahadhari tu, akawaomba na mizimu, wenyeji wa pango, ambao asubuhi hiyo aliwacheka.

Uzi ukakaza.

Hakuuvuta tena. Aliufuata taratibu, hata tope likageuka kijani, na kijani kikageuka mwanga. Akaibuka akikohoa.

Ukingoni alikaa mama mtu mzima, buibui amelikunja magotini, na kitambaa chekundu mkononi. Hakuonekana kushangaa sana.

"Shikamoo mama," Ndolo alisema, akiwa bado na miwani usoni.

"Marahaba mwanangu. Mimi Mwanafatuma. Wewe ndiwe mwenye uzi huu?"

"Ndimi."

"Umeufunga juu ya kitambaa changu. Mjukuu wangu amepona, alhamdulillahi, nimekuja kufungua nadhiri yangu. Ikanibidi nilegeze uzi wako kwanza. Kugeuka, nikauona unakimbilia majini. Nikasema, huyu haja yake ni kubwa, na bado haijajibiwa. Nikaudaka nikaufunga tena."

Ndolo akautazama mzizi. Fundo lake moja la haraka halikuwapo. Mahali pake palikuwa na mafundo yaliyobebana, makubwa kama ngumi, yaliyofungwa na mtu asiyetaka dua ya mwenziwe ipotee.

Ile kadi ilikuwa imemzunguka shingo, ikaning'inia mgongoni.

"Uliomba nini?" Bi Mwanafatuma akamuuliza.

Ndolo alitaka kumweleza habari za mgunduzi, na wageni wa Desemba. Akaivua miwani kwanza.

"Nitoke," akasema.

"Basi ombi limekwisha kujibiwa." Akainuka, akajipangusa mchanga, akashika njia. "Fundo lifungue mwenyewe. Mimi la mtu siligusi tena."

Alijaribu, hakuweza kufungua hata fundo moja. Akaketi pale chini ya vitambaa, akalia.