Nilisema Saini ya Babu ni Feki, Nikanyamaza Nilipojua ni ya Kweli

Admin, naomba ufiche jina langu na la duka, maana Karatu ni ndogo na watu wanajuana. Mimi ni binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne mwaka jana. Nina aibu sana. Hata shuleni nikijua jibu nilikuwa sinyooshi mkono, na aibu hiyo ndiyo imenifikisha hapa.

Tangu nimalize shule nafanya kazi kwenye duka la vinyago na vitu vya kale hapa mjini. Mwenye duka nitamwita Baba Nasri. Ananilea kama mwanawe. Ramadhani hunifungashia futari nipeleke nyumbani ingawa sisi ni Wakristo. Pamoja na vinyago, hununua picha na makaratasi yaliyosainiwa na watu maarufu wa zamani waliowahi kufika kreta, kwa sababu kuna wageni wanaoyatafuta. Amenifundisha kuyakagua kabla hajanunua: papasa mgongo wa karatasi, iinamishe dirishani uone wino umezama au umekaa juu tu, kisha tazama mwendo wa kalamu. Huniambia, "Anayesaini jina lake hukimbia. Anayeiga huenda polepole, mkono unamtetemeka." Nilishika haraka, mpaka akawa anawatambia madereva wa watalii, "Huyu binti hadanganyiki."

Mwezi uliopita alikuja babu mmoja Mwiraqw, nitamwita Babu Tluway, ingawa si jina lake. Ujanani alikuwa mhudumu wa mezani kwenye hoteli moja kule ukingoni mwa kreta. Alifungua kitambaa akatoa menyu ya zamani yenye saini ya mwigizaji wa sinema wa Kizungu, ambaye picha yake iliyosainiwa tunayo ukutani. Bei hakuijali.

"Mniandikie tu jina langu chini yake, muitundike pale," alisema. "Macho yangu yanaisha, na wajukuu hawaniamini."

Baba Nasri akanisogezea. Niliilinganisha na ile ya ukutani, zikawa tofauti kabisa. Hii ilitetemeka, herufi zimelala upande mwingine, na wino umeburuzwa kuelekea kulia. Nikasema kwa sauti ndogo, "Siyo yake, Baba. Mtu ameiga."

Dereva mmoja aliyekuwa anasubiri wageni wake akadakia, "Babu, sema tu umejisainia mwenyewe jana kilabuni!" Duka zima likacheka. Baba Nasri akatikisa kichwa. "Mzee wangu, umri huo na bado unataka kutapeli watu?"

Babu hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. "Mjukuu wangu, mkono wake wa kulia ulikuwa na bandeji. Alisaini kwa wa kushoto. Mimi ndiye niliyemshikia menyu isiteleze."

Hapo hapo nikaelewa. Anayeandika kwa kushoto, mkono wake hupita juu ya wino mbichi. Ndiyo maana ulikuwa umeburuzwa, ndiyo maana herufi zilitetemeka. Menyu nilikuwa bado nimeishika. Nilihitaji kusema neno moja tu, "Subirini." Lakini watu wote walikuwa wananiangalia, na Baba Nasri alishanisifu sana mbele yao. Nikainama, nikaanza kufuta kioo cha kaunta ambacho kilikuwa safi. Babu akasema, "Basi itupeni," akatoka. Hata kitambaa chake alikiacha.

Sikuitupa. Nimeihifadhi nyumbani pamoja na cheti changu. Wiki iliyofuata, nikipanga boksi la picha za zamani stoo, nikamwona kwenye picha moja yule mwigizaji amesimama kwenye baraza la hoteli, mkono wa kulia umefungwa bandeji nyeupe. Nyuma yake kuna kijana mwenye sinia, na masikio yake ni yale yale ya Babu Tluway, yaliyotobolewa na kuning'inia. Nililia humo stoo mpaka nikaogopa kutoka.

Jumapili baada ya ibada nilienda kwake, menyu na picha vikiwa kwenye mkoba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu. Kumbe ni wewe, mwenye macho!" Akaagiza niletewe maziwa. Mjukuu wake mdogo akachungulia mlangoni, "Babu Feki, mama anasema uje ule." Naye akaitika. Aliitika, jamani! Kisha akaniambia, "Usijisikie vibaya. Nimefikiri sana. Labda sikumshikia mtu menyu yoyote. Uzee unatunga mambo."

Mkoba ulikuwa mapajani kwangu. Nilikunywa maziwa, nikashukuru, nikaondoka nao vile vile.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikimwambia babu faraghani, waliomcheka wataendelea kumcheka. Nikisema dukani, Baba Nasri aliyemwita mzee tapeli kwa neno langu ataaibika mbele ya wateja wake, na sijui kama ataniita mwanangu tena. Lakini babu wa watu ameanza kuyakana maisha yake mwenyewe kwa sababu yangu.

Kila siku ya mnada hupita mbele ya duka letu, na sasa hupita akiangalia upande wa pili wa barabara. Je, nianze na Baba Nasri, au nimwite babu aingie watu wakiwa wamejaa? Nishaurini dada zangu na kaka zangu, hata kwa ukali nitasoma. Na kama mnaona niseme mbele za watu, nisaidieni na sentensi ya kwanza, maana lile "subirini" bado limenikwama kooni.