Mchele wa Hiari

Mama Justa hakuwa mtu wa kudanganywa, na ungemuuliza angekwambia mwenyewe. Miaka ishirini na mbili alikuwa akipeta mchele kwenye mashine ya kukoboa pale Ifakara, na kwa muda huo ameona kila ujanja ambao binadamu anaweza kuufanyia nafaka. Ameona debe lililobonyezwa kitako, mizani iliyochezewa, gunia lenye supa, ule mchele wa daraja la juu, juu yake na takataka katikati. Ukimwekea punje chache kiganjani, atakwambia kama zimetoka Mlimba au Malinyi, na kama mwenye nazo anasema kweli. Jina lake hasa ni Agnella, lakini watu wanamwita kwa jina la binti yake Justa, aliyekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa akamwachia mjukuu, Omega.

Mtu wa namna hiyo ukimtajia neno hiari, kwanza anashika pochi yake.

Januari, shule ya msingi ya mtaani kwao iliita wazazi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Vitus, mtu mpole anayefuta miwani kabla ya kusema lolote, alieleza kwamba msimu wa kulima umefika, familia nyingi zinahamia bondeni, na watoto wanaobaki mjini wanashinda na njaa. Mwenye uwezo alete kilo kumi za mchele na mbili za maharage, shule itapika mchana. Si lazima, alisema, na hakuna mtoto atakayenyimwa chakula kwa sababu mzazi wake hakutoa.

"Kama si lazima, ametuitia nini?" Mama Justa alimnong'oneza Odilia aliyekaa karibu naye.

Odilia alicheka tu. Alikuwa mpetaji mwenzake wa zamani, na siku ileile wazazi walimchagua awe mpishi. Mama Justa akaliweka na hilo moyoni, maana mpishi naye ana nyumba na ana watoto.

Hakutoa hata punje. Akamwambia Omega, "Chakula chao usikiguse mpaka nijue kinaliwa na nani." Kila asubuhi akamfungia muhogo wa kuchemsha.

Lakini hakuweza kuishia hapo, maana Omega alikuwa darasa la saba. Miaka yote bibi na mjukuu walihamia shambani pamoja, wakaishi kwenye dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya miti ili maji yapite chini, na mtoto alirudi shule wenzake wakiwa wameshamwacha mbali. Mwaka huu akihama tena, mtihani ndiyo basi. Akibaki, jirani alishakubali kumpa mahali pa kulala na chakula cha jioni, ila mchana ingebidi ale shule. Na ili ale shule, ilibidi Mama Justa aamini watu, jambo ambalo hakuwahi kulijaribu.

Ikabidi apeleleze. Kila mchana watoto wakishakula, alitokea jikoni na ndoo, akimwomba Odilia makoko ya bata wake. Bata alikuwa nao wanne, hakusema uongo. Ila kabla ya bata kuonja, Mama Justa aliukagua ule ukoko. Aliupima unene kwa kidole, akaangalia umetanda mpaka wapi, akatafuna kipande kidogo amefumba macho. Kwa ukoko tu alijua sufuria imepikiwa kilo ngapi, na kwa miaka yake mashineni hilo halikuwa la kubahatisha.

Alitegemea kukuta mchele umepungua. Orodha ya waliotoa ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi, na alikwisha kupiga hesabu yake. Akakuta umezidi. Siku ya pili ulizidi, na wiki nzima ukawa hivyohivyo. Alidhani wamebadilisha, wameuza mzuri na kununua mbovu mwingi, lakini kila alipotafuna ilikuwa supa safi. Jambo hilo lilimnyima usingizi kuliko wizi, kwa sababu wizi aliuelewa.

Halafu kulikuwa na wale wanawake wa mashineni. Siku hizi akitokea na ungo wake, wananyamaza. Anakaa, mmoja anaanza kuzungumzia mvua. Mama Justa akajumlisha ukoko na ule ukimya, akapata jibu: kuna watu wanakula kwa siri migongoni mwa watoto.

Kikao cha pili kiliitwa Jumatano, siku mbili kabla ya safari yake ya shamba. Alisubiri mwalimu amalize kushukuru, akasimama.

"Mwalimu, mchele unaopikwa ni mwingi kuliko uliotolewa. Kuna midomo inayokula bila kutoa. Nataka tujue ni ya nani."

Mwalimu Vitus alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. "Ni kweli, mama. Wapo watoto ambao kwao hawakutoa. Akina mama wa mashineni wamekuwa wakiwachangia bakuli bakuli. Wenyewe waliomba tusiseme."

"Watoto wa nani?"

"Majina hayo hatuyasomi. Mchango ni wa hiari."

"Soma, Mwalimu."

"Mama Justa, nakuomba sana, tuonane ofisini."

"Ofisini ndiko mambo yanakozimwa," alisema, na nyuma yake wazazi kadhaa wakamuunga mkono kwamba yasomwe, yaishe.

Odilia aliinua mkono kutaka kusema, kisha akaushusha. Mwalimu akafungua daftari, akasoma polepole huku akiwa hamtazami mtu. Mama Justa alitikisa kichwa kwa kila jina. Huyu baba yake ni mlevi, alimjua. Hawa wawili mama yao anaumwa. Alikuwa akihesabu kwa vidole, amefika cha saba, aliposikia, "Omega, darasa la saba, anaishi na bibi yake."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Odilia alisema kwa sauti ya chini, "Tulijua huna, Mama Justa. Kila ukiulizwa unasema huna. Mtoto alikuwa anakaa nyuma ya darasa peke yake na muhogo wake. Nilimwita mimi."

Mama Justa alibaki amesimama. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Wenzake walikuwa wamempa njia ya kutokea, na njia yenyewe ilikuwa rahisi: akae chini, ashukuru, awe maskini. Kumbe nyumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na magunia matatu.

"Ninao," alisema.

Odilia hakuelewa. "Una nini?"

"Mchele. Ninao mwingi. Nilidhani mtaula."

Mwanamke mmoja wa mashineni aligeuza uso, na huyo ndiye aliyemuumiza Mama Justa kuliko wote, maana alijua mwenzake huyo hununua mchele wa kula kilo mojamoja, na bado alichanga.

Mwalimu Vitus alivaa miwani yake. "Shambani unakwenda lini, mama?"

"Ijumaa."

"Na Omega?"

Alitaka kusema kwa sauti ileile aliyodaia majina, lakini haikuwepo tena.

"Omega anabaki," alisema. "Nawaachia ninyi."