Alimentation Ndogo Isiyo na Kelele

Kwetu Bukavu, alimentation ni duka. Si kibanda cha mkaa na nyanya, la. Ni duka lenye mlango wa kufuli, rafu, sukari, maziwa ya unga, sabuni, na friji ikiwa umeme umeamka vizuri siku hiyo. Neno lenyewe limepakwa rangi juu ya milango kutoka Nyawera mpaka Cimpunda, na hata asiyejua kusoma analitambua kwa umbo lake. Kwa hiyo anayetaka kumcheka rafiki yangu Emérence kwamba aliangushwa na neno moja, acheke, ila kwanza anionyeshe alikosea wapi.

Emérence aliuza sambaza pembeni yangu katika soko la Kadutu kwa miaka tisa. Mimi maharage, yeye samaki, meza kwa meza. Nilikuwa namtania kwamba najua amefika kabla sijageuza kichwa, pua inaniambia. Naye hujibu kwamba heri kunuka samaki kuliko kuwa na mdomo kama wangu. Alikuwa anaamka saa kumi za alfajiri kwenda kupokea mzigo unaotoka Minova, anapanda nao milima yetu kwa miguu, beseni kichwani, na saa kumi na mbili meza yake imeshapangwa. Sijawahi kuona mtu anayepanga sambaza kama yule. Wateja walikuwa wanampita kila mtu kumfuata yeye, na mimi nikifaidi waliobaki na njaa ya maharage.

Mume wake ni Zagabe. Si mlevi, si mpigaji wa wanawake. Angekuwa hivyo ningemaliza habari hii kwa mistari miwili. Ni fundi wa kompyuta na mashine za fotokopi, ana chumba cha mbao pale Cimpunda, na ana mikono ya dhahabu, nasema hivyo kwa shingo upande. Siku alipokuja kuposa alisimama mbele ya wajomba wa Emérence akasema, "Uyu bibi yangu hataikala ku jua. Nitamufungulia alimentation." Wajomba wakapiga makofi. Miaka kumi na mmoja ikapita, watoto wanne wakazaliwa, Gracien wa kwanza, na Emérence akaendelea kukaa juani. Hakulalamika. Alisema tu, mara mojamoja, tukiwa tunafunga meza, "Siku moja, Maman Élodie. Akisema kitu anakifanyaka."

Sasa huyu Zagabe alikuwa na ugonjwa wake, michezo ya kompyuta. Tangu ujana alikuwa anashinda katika vyumba vya kulipia michezo, na alipokuwa fundi akaapa kwamba atajitengenezea mashine yake mwenyewe, ndogo, ya kuingia katika mfuko wa mgongoni, kwa sababu hapa kwetu mtu anayemiliki kitu asichoweza kukibeba akikimbia hajakimiliki. Alikata bati la aluminium, akalikunja, akatengeneza sanduku lisilozidi kasha la viatu. Ndani akapanga vyote kwa ustadi wa mama anayepakia mtoto mgongoni na mzigo juu yake: kadi mama, feni, na ile kadi kubwa inayochora picha za mchezo. Kila skrubu ilikuwa na mahali pake. Nilikiona kile kisanduku mezani kwao, kizuri kweli, kimelala kama maiti.

Kilikosa kitu kimoja, kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia mashine nzima. Vile vya kawaida ni vikubwa kama tofali na havikuingia. Alijaribu kimoja akikiacha nje, nyaya zikining'inia kama matumbo ya mbuzi, na kikanguruma kama mashine ya kusaga unga. Nyumba yao ni ya mbao, vyumba viwili. Emérence, anayeamka saa kumi, alimwambia wazi: ama hiyo kelele, ama mimi. Ndipo akaanza kutafuta kilicho kidogo, chenye nguvu ya kutosha, chenye feni inayolala mpaka mashine ipate joto. Alikitafuta kwa miezi. Mwisho akamwagiza rafiki yake Hugues, anayevuka mpaka kila mara kwenda Kigali kuchukua vipuri.

Siku moja Zagabe alisahau simu nyumbani. Ikalia, Emérence akaisoma. Ujumbe wa Hugues ulisema hivi, nami niliuona kwa macho yangu kwa sababu aliuandika nyuma ya karatasi ili aje kunionyesha: "Alimentation imepatikana. Ni ndogo lakini iko ya muzuri, ya mupya. Kelele hakuna. Mwezi huu utaipata."

Niambieni, mkaaji wa Bukavu ataelewa nini hapo? Hapa kwetu kiwanja kimoja kinauzwa kwa watu watatu, na duka unalolifungua leo kesho linakuja na mjane, shemeji na mwanasheria. Ukiambiwa mahali hapana kelele, unapiga magoti unamshukuru Mungu. Emérence alipiga magoti kweli, pale kati ya meza zetu, na magamba ya samaki yakamshika kwenye kitenge.

"Anataka kunifanyia surprise," alisema. "Usimwambie mutu."

Yeye mwenyewe aliwaambia wote kabla ya saa sita mchana.

Kisha akafanya lile ambalo bado linaniuma. Sokoni kwetu meza haina karatasi. Ukiondoka, unamshika mkono yule unayemwachia, mbele ya présidente, mama mkuu wa safu yetu, na wamama wote, unasema meza ni yake, basi. Ukilisema umelisema, ukitaka kurudi unasimama nyuma ya wanaosubiri, na wanaosubiri hujaza njia. Emérence hakutaka meza yake iende kwa mgeni. Alimshika mkono binti yangu Élodie, aliyesoma informatique, mambo ya kompyuta, miaka miwili kisha akakaa nyumbani bila kazi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mihogo, "Meza ni yake." Alimwonyesha ile karatasi ya ujumbe, na hata namna ya kupanga sambaza, wakubwa chini, wanaong'aa juu. Nilimkumbatia. Nililia machozi ya kweli.

Jioni ile alimwuliza mume wake kwa kuzunguka, kama mwanamke anavyouliza kitu anachokijua tayari. Alinisimulia yote kesho yake, anacheka.

"Papa Gracien, ile kitu ya Hugues itafika lini?"

Zagabe alishtuka. "Ulijuaje?"

"Nilisoma. Nilishaacha na meza ya soko. Niambie tu, tutaandika jina gani kwa mulango?"

Zagabe alitazama kisanduku chake. Kisha akasema, "Chagua weye."

Wiki tatu zilipita hivyo. Emérence alichagua jina, Alimentation La Patience, yaani Subira, akampelekea mchoraji bati ili aliandike. Aligawa mabeseni yake. Ile kona ya nyumba alipokuwa akiweka magunia ya samaki aliisafisha kwa sabuni mara nne, na Zagabe akahamishia hapo meza yake, akapigilia mbao, akavuta waya. Emérence alimshikia taa. Alipika, aliimba, hakuuliza tena pesa zimeenda wapi wala kwa nini amechelewa. Nikipita pale nilikuwa nasikia nyumba inacheka.

Hugues alifika Jumamosi alasiri. Emérence alikuwa ametuita, présidente na mimi, tuende pamoja kupokea funguo. Alivaa blauzi mpya ya kijani, libaya ya sikukuu. Alikuwa ametengeneza nywele, na mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, ilinukia mafuta ya kujipaka.

Hugues alitoa katika mfuko wake kijisanduku cha karatasi ngumu, akampa Zagabe kwa mikono miwili. "Alimentation yako," alisema.

Zagabe alikifungua haraka, hata hakutukaribisha viti. Ndani kulikuwa na kitu cheusi cha chuma, kidogo kama nusu ya mkate, chenye feni ubavuni na nyaya nyembamba zilizokunjwa vizuri. Alikigeuza mkononi, akakinusa kama mtu anayenusa kahawa. Akakitia katika kile kisanduku cha aluminium na kikaingia sawasawa, kana kwamba kimepimwa na fundi cherehani. Akafunga skrubu nne, akaunganisha nyaya moja moja, jasho likimtoka puani. Emérence alikuwa bado anatabasamu. Alimwangalia Hugues, akaangalia mlango, kama mtu anayesubiri kuambiwa twendeni.

Zagabe akabonyeza. Taa ndogo ya bluu ikawaka, skrini ikajaa rangi, milima na mto na mtu aliyeshika upanga. Akainua kidole.

"Musikie," alisema. "Munasikia nini? Ata kitu!"

Kweli hatukusikia kitu. Sijawahi kukaa katika ukimya kama ule.

"Na duka?" Emérence aliuliza.

"Duka gani?"

"Alimentation, Papa Gracien. Yangu."

Zagabe alianza kueleza kwa haraka, kwamba alimentation ni hii, kwamba kila kompyuta ina alimentation yake, ndiyo inayoilisha umeme, mafundi wote wanasema hivyo. Angeishia hapo labda ningesema lugha ya Wazungu ndiyo ya kulaumiwa. Lakini Hugues, mtu asiye na breki mdomoni, alikunja uso akasema, "Zagabe, bado hukumuelezea? Uliniambia unajua anazani ni duka. Ulisema tumuache azani, siku izi nyumba iko kimya."

Présidente alishika mdomo. Mimi nilimtukana Zagabe papo hapo, na sitayaandika hapa niliyoyasema.

Emérence hakutukana. Alisogea mpaka karibu na ile mashine, akainama kama anaisikiliza, kisha akamwuliza mume wake taratibu, "Siku ile nilikuuliza jina, ulijua?"

"Nilitaka nimalize kwanza, kisha ningekuambia."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Basi. Hakuvunja kitu, na mimi kwa upande wangu ningevunja. Alikwenda chumbani akavua libaya, akarudi na kitenge cha kazi, akaanza kuchambua mchele wa jioni. Zagabe alibaki amesimama katikati ya nyumba, mikono inaning'inia, na yule mtu mwenye upanga nyuma yake anasubiri kuambiwa aende wapi.

Jumapili nzima baada ya misa nilikaa naye. Nilimlaani Zagabe kwa majina yote ninayoyajua, kwa Kiswahili na kwa Mashi. Nilisema mume anayemwona mke wake akitupa riziki yake, naye akanyamaza kwa sababu ukimya unamfaa, huyo hana tofauti na mwizi. Emérence alinishika mkono akasema, "Angalau niko na weye."

Jumatatu saa kumi na mbili alikuja sokoni na beseni la kuazima kichwani, sambaza wabichi wamejaa. Élodie alikuwa ameshapanga, wakubwa chini, wanaong'aa juu. Emérence alisimama mbele ya ile meza yake ya miaka tisa.

"Maman Élodie," aliniambia, "nirudishie meza yangu. Unajua namna ilikuwa."

Nilikuwa nimeshajua kwamba atakuja. Jibu nilikuwa nimelitengeneza usiku mzima, na lilitoka laini. "Ulitoa mbele ya bamaman wote. Uliza présidente. Mimi sina neno."

Hakwenda kwa présidente. Alimwangalia binti yangu. "Élodie, weye ulisoma informatique. Alimentation ni nini?"

Élodie alichezea kopo la kupimia. "Ni ile kitu inapatia kompyuta courant ya umeme."

"Ulijua tangu lini?"

Mtoto wangu hajui kusema uongo. Sikumfundisha mapema, nikachelewa. "Tangu siku uliniachia meza," alisema. "Maneno ya ile karatasi ilinisumbua, nikamuambia maman jioni. Nikasema, maman, huenda haiko duka. Maman akaniambia ninyamaze, atakuambia yeye mwenyewe."

Wamama wa mihogo walikuwa wameacha kuuza, wanatutazama. Nilikuwa na neno moja tu la kujitetea, kwamba binti yangu amekaa miaka miwili bila kazi, na halikutoka. Emérence aliniangalia muda mrefu, bila hasira, kama mtu anayetazama mahali asipopatambua. Kisha akainama, akajitwika beseni, akashuka njia ya barabarani kwenda kuuza chini pamoja na wanaofukuzwa na polisi.

Élodie aliniuliza kama amfuate.

Nilimwambia aendelee kupanga sambaza, wateja wa asubuhi wameanza kufika.